Malka ya mtandao: nani aifungue, nani ailinde?



Ndugu wasomaji, juzi baada ya swala ya alasiri tulipita sokoni Tarasaa, tukamkuta mzee mmoja ameketi kwenye benchi nje ya saiba, na binti yake amesimama mlangoni. Binti huyo amemaliza kidato cha nne na alikuwa akiomba nafasi ya chuo kikuu. Siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi ilikuwa ni hiyo hiyo, usiku. Mtandao ulikuwa ukija na kuondoka. Ukija, ukurasa wafunguka nusu; ukiondoka, mwenye saiba ainua mikono. Mzee alikuwa ameuza maembe asubuhi ili apate fedha za shughuli ile, na fedha hizo zilikuwa zikiyeyuka nusu saa baada ya nusu saa. Tulimwamkua, tukamuuliza hali. Akatujibu: "Zamani niliandika barua, nikabandika stempu, ikaenda. Barua haikuniuliza kama nina bando."

Fomu ilikwenda, alhamdulillahi, muda mfupi kabla ya isha. Lakini maneno ya yule mzee hayakututoka. Ndani yake mna swali ambalo twaona halijaulizwa vya kutosha katika mabaraza yetu: je, intaneti ni bidhaa kama sukari, anunue mwenye uwezo na asiye nao akose? Au ni njia kama barabara, ambayo jamii nzima haina budi kuwa nayo? Na ikiwa ni njia, nani aitengeneze: serikali, mfanyabiashara, au sisi wenyewe?

Kwanza tuelewane kwamba hatuzungumzi juu ya anasa. Mfumo wa eCitizen ulianza mwaka 2014 ukiwa na huduma chache. Kufikia katikati ya mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamishiwa humo. Paspoti, cheti cha mwenendo mwema, leseni ya udereva, usajili wa biashara, vyote mlango wake ni mmoja, na mlango huo hauko Garsen wala Hola. Uko ndani ya simu. Maombi ya vyuo na ya mikopo ya wanafunzi nayo hupita huko huko. Hatuyalaumu mabadiliko yenyewe, kwani mtu aliyewahi kutoka huku Delta hadi makao makuu ya kaunti kufuata karatasi moja, kisha akaambiwa arudi kesho, ajua faida ya kumaliza jambo lake akiwa nyumbani. Tunalosema ni kwamba serikali inapoondoa dirisha lake ofisini na kuliweka mtandaoni, imejitwika pia wajibu wa kuhakikisha kuwa raia ana njia ya kulifikia. Haifai dirisha liwe la umma na njia iwe ya mwenye fedha peke yake.

Na liko jambo zito kuliko karatasi. Sisi twaishi chini ya mto. Mvua inyeshayo milimani, na maji yanayofurika katika mabwawa ya juu kama Masinga, mwisho wake ni huku kwetu. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Mto Tana ulitoka katika kingo zake na familia nyingi zikahama. Siku hizi tahadhari za mafuriko husambaa kwa simu kwanza, kabla ya chifu kuita baraza. Aliye na bando huanza kuhamisha watoto na mbuzi. Asiye nalo hungoja kuyaona maji.

Vivyo hivyo na uvumi. Machafuko ya mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 yaliua zaidi ya watu 100 katika Delta hii, na waliokuwapo wakumbuka jinsi neno lisilo na mwenyewe lilivyokuwa likifika kijijini kabla ya ukweli. Baada ya misiba hiyo ulianzishwa hapa mradi wa Una Hakika, chini ya shirika la Sentinel Project la Kanada. Mwananchi aliyesikia uvumi aliutuma kwa ujumbe wa simu. Wahusika wakauchunguza kwa msaada wa watu wa kujitolea walioko vijijini, kisha wakarudisha jibu la kweli kwa watu. Mradi huo ulitufunza kwamba habari sahihi inayofika kwa wakati ni kinga ya roho za watu. Je, kinga ya roho yafaa igawanywe kwa kipimo cha salio?

Tukirudi kwenye swali letu, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Sisi watu wa Tana twajua malka. Malka ni njia iliyoachwa wazi baina ya mashamba ili mifugo ishuke mtoni kunywa maji. Ng'ombe ni wa mwenyewe, hakuna anayedai washirikiwe. Shamba nalo ni la mwenyewe. Lakini malka haina mwenyewe mmoja. Ni ya wote, na wazee wa pande zote huilinda kwa makubaliano. Malka ikilimwa, ng'ombe hupita ndani ya mahindi. Na ng'ombe wakiingizwa mahindini, twajua sote yanayofuata. Amani ya Delta imesimama juu ya kutofautisha mambo haya mawili: kilicho cha mtu, na kilicho njia ya watu. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Hatudai kuwa intaneti imo katika mafundisho hayo. Hilo ni la wanazuoni kulitolea kauli. Twasema tu kwamba hekima yake twaifahamu: viko vitu ambavyo mtu mmoja akivifungia, majirani hawawezi kuishi.

Sasa tuwasikilize wanaosema kwamba kazi hii aachiwe mfanyabiashara. Hoja yao ina nguvu, na wenye umri wetu hawawezi kuikana. Zama za shirika la serikali la posta na simu, mtu aliomba simu ya waya akangoja miaka, na wengi waliaga dunia kabla ya waya kufika. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1999. Kampuni za simu za mkononi ziliposhindana katika miaka iliyofuata, simu iliingia hata katika manyatta na mashua za wavuvi. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na fedha zikaanza kusafiri bila basi. Haya hayakuletwa na ofisi ya serikali peke yake. Mfanyabiashara alikuja kwa sababu aliona faida, nasi tukafaidika naye.

Lakini kinachomleta mfanyabiashara ndicho kinachomwondoa. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet ya Marekani, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa intaneti kwa baluni zilizoelea angani kiasi cha kilomita 20 juu ya maeneo ya magharibi na ya kati ya Kenya. Ulikuwa ufundi wa kustaajabisha. Januari 2021 wenye kampuni wakatangaza kuifunga, kwa kuwa gharama hazikuweza kushuka kiasi cha kuifanya biashara idumu. Hatuwalaumu, maana mwenye duka ana haki ya kufunga duka lake. Tunalojifunza ni kwamba jamii haiwezi kuijenga shule yake, zahanati yake na tahadhari yake ya mafuriko juu ya kitu ambacho mwenyewe aweza kukiondoa hesabu zikimkataa. Na Delta, yenye vijiji vilivyotawanyika na mapato madogo, ni mahali ambapo hesabu hukataa upesi.

Sheria yenyewe yalikiri hilo. Marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2009 yaliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni zenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, ili fedha hizo zipeleke mawasiliano mahali ambapo soko halifiki lenyewe. Hazina hiyo iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwa hiyo anayesema kwamba kijiji kisicho na faida kisubiri, hasemi lililo katika sheria. Kila tunapopiga simu au kununua bando, sehemu ndogo ya biashara hiyo tayari imetengwa kwa ajili ya vijiji kama vyetu.

Je, basi serikali ifanye yote? Hapa pia tuwe waadilifu. Serikali imefanya makubwa. Mwaka 2009 mikongo miwili ya baharini ilitua Mombasa. SEACOM ulikuwa wa wawekezaji binafsi. TEAMS, unaotoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ulijengwa na serikali ya Kenya kwa ushirika na kampuni za simu. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na waliokuwa na saiba Mombasa miaka hiyo waikumbuka bei yake. Serikali pia ilitandaza mkongo wa taifa wa nchi kavu, na awamu yake ya pili ilikusudiwa kuyafikia makao makuu ya kaunti zote 47. Kule Zanzibar, serikali ilitandaza mkongo wake, na leo wakala wake wa miundombinu ya TEHAMA hukodisha njia hiyo kwa watoa huduma. Hiyo ndiyo malka hasa. Njia ni ya umma, mifugo ni ya wenyewe.

Na malka moja haitoshi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa wakati mmoja karibu na Afrika Kusini, na mtandao ukadorora katika Afrika Mashariki nzima. Nchi zenye njia nyingine zilipata nafuu mapema. Zenye njia chache zilitaabika.

Udhaifu wa serikali uko mwisho wa njia, pale mkongo unapopaswa kumfikia mtu. Ulikuwapo mpango wa vituo vya ubunifu, vinne kwa kila eneobunge, vyenye waifai ya bure kwa vijana. Baada ya uchaguzi wa 2022 ikaja ahadi ya vituo 25,000 vya waifai ya umma nchini na kituo cha kidijitali katika kila wadi. Ni ahadi njema, na Mwenyezi Mungu azitimize. Lakini kuzindua ni siku moja, na kulipia ni kila mwezi. Utepe hukatwa na mgeni wa heshima, picha zikapigwa. Mwezi wa sita betri imechoka, bili haijalipwa, aliyekuwa na ufunguo amehamishwa. Mali ya umma isiyo na mwenye kuiuliza huwa kama kisima kisicho na kamba. Maji yamo, lakini nani atayateka?

Ndipo tunapofika kwenye mlango wa tatu, ambao kwetu Waislamu si mgeni. Wanahistoria husimulia habari ya kisima cha Ruma pale Madina. Kisima kilikuwa cha mtu mmoja, naye aliwauzia watu maji, na wasio na kitu wakapata taabu. Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) hakumnyang'anya mwenyewe, wala hakungoja hazina ya dola. Alikinunua nusu yake kwanza, akawa na siku yake na mwenyewe ana siku yake. Watu wakawa wakiteka siku ya Uthman maji ya siku mbili, hata mwenyewe akaona biashara imekwisha, akauza nusu iliyobaki. Kisima kikawa wakfu, na Uthman akawa akiteka maji kama watu wengine. Tukumbuke kwamba Uthman mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Hakuupinga uchumi wa soko. Alijua tu kwamba kiko kitu kimoja ambacho hakifai kubaki sokoni.

Mlango huo upo hata katika mambo ya leo. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao inayomilikiwa na jamii, ili kikundi cha wananchi kiweze kuendesha mtandao wa eneo lake bila kubeba masharti ya kampuni kubwa. Kule Kibera, TunapandaNET huunganisha shule na vituo vya vijana kwa mtandao wa jamii. Katika kijiji cha Mankosi, mkoa wa Rasi ya Mashariki huko Afrika Kusini, wanakijiji wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western Cape walianzisha ushirika uitwao Zenzeleni, maana yake "jifanyieni wenyewe". Walifunga vituo vinavyotumia nguvu za jua, na mapato yao ya kwanza hayakutoka kwenye intaneti, bali kwenye kuchaji simu za majirani. Walianza na kile ambacho watu walikuwa tayari wakikilipia. Hili litutie moyo sisi tulio na jua la kutosha na simu zinazozimika jioni.

Lakini tusijidanganye. Ushirika wa kijiji hauwezi kutandaza mkongo kutoka baharini, wala kununua masafa ya redio. Ukikosa njia ya jumla yenye bei ya haki, utakuwa dalali tu wa bando la mwingine. Na hapa Delta una mtihani wa ziada: ukishikwa na upande mmoja, utakuwa shamba lililolimwa katikati ya malka. Kamati yake haina budi kuwa na Mpokomo na Muorma, Mwardei na Mgiriama, Msanye na Mbajuni, Mwislamu na Mkristo, mkulima, mfugaji na mvuvi, na akina mama wasiwekwe kwa hesabu tu. Hesabu zake zisomwe hadharani kila mwezi, kama zinavyosomwa za msikiti wenye uongozi mwema.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Njia kuu, yaani mkongo, minara ya vijijini na masafa, iwe malka, ihakikishwe na serikali na iwe wazi kwa kila mtoa huduma kwa bei moja. Juu ya njia hiyo wafanyabiashara washindane, na Mwenyezi Mungu awabariki katika faida ya halali. Na mwisho wa njia, pale shuleni, zahanati na sokoni, jamii ishike ufunguo, ijue bili ni kiasi gani na nani aliyeilipa. Kila mmoja akikaa mahali pake, hakuna atakayemdhulumu mwenzake.

Wako wazee watakaotuambia: "Ninyi mwaleta fitina nyumbani. Mtandao una machafu, afadhali usifike." Twaiheshimu hofu hiyo, kwani nasi ni wazazi. Lakini mtandao umekwisha kufika. Umo katika simu ya kijana, usiku, chini ya shuka, kwa bando la shilingi chache, asipokuwapo wa kumwangalia. Kisima kilicho karibu na nyumba hakifukiwi kwa kuogopa mtoto atatumbukia, hujengewa ukingo. Chumba cha umma chenye taa, chenye msimamizi mwaminifu na saa maalumu za wasichana na wavulana, ni ukingo. Mwenye kuichukia intaneti ya siri ndiye apaswaye kuwa wa kwanza kuitetea ile ya hadharani.

Basi kila familia ifanye nini? Bajeti ya kaunti na miradi ya eneobunge huja kwetu kwa vikao vya kushirikisha umma, na wengi wetu huvikwepa tukisema ni vya wanasiasa. Safari hii twendeni, na tuulize maswali matatu tu. La kwanza: mkongo wa taifa umeishia wapi kutoka hapa Tarasaa, na nani anaruhusiwa kuutumia, kwa bei gani? La pili: Hazina ya Huduma kwa Wote imetufanyia nini katika wadi yetu, na tutaombaje? La tatu: kituo chochote kitakachofunguliwa, nani atalipa bili ya mwezi wa saba, na nani atakuwa na ufunguo? Mawasiliano ya simu, kwa Katiba, ni kazi ya serikali kuu. Maktaba na zahanati ni za kaunti. Basi tusikubali kutupwa huku na huku kama mpira. Kila ofisi ijibu lililo lake, na majibu yaandikwe.

Kuhusu yule binti wa saiba, tumesikia kwamba yuko nyumbani akingoja matokeo ya maombi yake. Yatatangazwa mtandaoni. Baba yake ametuambia kwamba ameshaweka kando fedha za siku hiyo, na maembe mengine yako juu ya mti. Tunamwombea binti afaulu. Na tunaomba, atakapokuja mdogo wake katika kidato cha nne, baba asilazimike kuuza kitu ili mtoto afikie mlango ambao serikali imesema uko wazi kwa wote.

Wabillahi tawfiq.